Gari la waya si mchezo tu

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie michezo ya watoto. Usizime redio, maana jambo hili si dogo kama linavyosikika.

Pita Daudi, hapa kwetu Mbulu, jioni ng'ombe wanaporudi zizini. Utawaona vijana wawili watatu wakisukuma gari la waya. Bodi ni kopo la mafuta, matairi ni soli za kandambili zilizochakaa, na usukani ni waya mrefu unaomfikia dereva kifuani. Ukikata usukani, magurudumu ya mbele yanageuka. Mmoja ni bingwa wa kukunja waya, mwingine anakata matairi, na wa tatu analijaribu mteremkoni, kisha anarudi na habari kwamba ekseli imepinda. Wanakaa chini, wanabishana, wanalirekebisha. Huo ni uhandisi, hata kama hakuna aliyewaambia.

Asubuhi watoto hao hao wanakaa darasani kukariri kwamba gurudumu na ekseli ni mashine rahisi. Lakini gari lenyewe likionekana chini ya dawati, katika shule nyingi linanyang'anywa na mwenyewe anaambiwa aache utoto. Hapo ndipo ninapouliza: tunafundisha sayansi, au tunaifukuza?

Wenzetu walioacha mchezo ukue wamefika mbali. Nchini Kenya, Roy Allela alibuni glavu zinazosoma ishara za mikono za kiziwi na kuzigeuza kuwa sauti kwenye simu. Alimfikiria binti wa ndugu yake asiyesikia. Akataka glavu hizo ziweze kushonwa kwa mtindo anaoupenda mtoto, hata wa Spider-Man, ili mtoto azivae kwa furaha badala ya kuona haya.

Kule Uganda, vijana wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo, walishirikiana na madaktari kubuni koti liitwalo Mama-Ope. Mgonjwa analivaa, nalo linapima joto la mwili, kasi ya kupumua na mlio wa mapafu, kisha linapeleka vipimo kwenye simu. Bibi yake Olivia alihamishwa hospitali hadi hospitali, na nimonia ilipogunduliwa, muda ulikuwa umepita. Mwaka 2017 koti hilo la majaribio liliingia katika orodha ya wanaowania Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Sisi wa Mbulu tunaijua baridi, na nimonia, ambayo wengi tunaiita kichomi, tunaijua. Kwa nini koti kama hilo lisiwazwe na mtoto wa Daudi?

Milango ipo. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, hupokea kazi za utafiti za wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambamo hata fundi asiye na cheti ana nafasi yake. Na Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali. Lakini mtoto aliyenyang'anywa waya akiwa darasa la nne hatafika kwenye milango hiyo.

Kwa hiyo ombi langu si la mamilioni. Mwalimu, tenga alasiri moja kwa juma. Wagawe wanafunzi watatu watatu, wasichana na wavulana, uwaulize: ni shida gani nyumbani kwenu mngependa kuipunguza? Kamati ya shule, nunueni koleo, nyundo na msumeno. Mwiteni fundi baiskeli wa senta aje aonyeshe namna mnyororo unavyovuta gurudumu. Nawe mzazi, kabla ya kuitupa redio mbovu, mpe mwanao aifungue.

Vingi watakavyounda havitafanya kazi. Hata gari la waya la kwanza halikukata kona.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.