Dakika 28 za Ufahamu

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa kidato cha nne wa Migori na Homa Bay pamoja na wazazi wao)



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu waheshimiwa, nimeombwa nizungumze juu ya mitihani, na mitihani ni bahari. Mimi nitachota kikombe kimoja tu: ile taarifa ya ufahamu katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, na namna inavyokula saa ya mtahiniwa mpaka anaitiwa "wekeni kalamu chini" hajafika hata nusu ya matumizi ya lugha.

Hebu tuhesabu pamoja. Karatasi hii ni ya saa 2 na nusu, yaani dakika 150, na alama zake ni 80. Ufahamu alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimu jamii 10. Ukigawanya, kila alama moja imepewa dakika 2 kasoro kidogo. Basi ufahamu wote, kusoma na kuandika, haki yake ni dakika 28. Haustahili zaidi ya hapo. Tuseme mtihani umeanza saa 2 kamili asubuhi: saa 2 na dakika 28 uwe umetoka kwenye ufahamu, saa 3 kasoro dakika 4 umemaliza ufupisho, saa 4 na dakika 11 umemaliza matumizi ya lugha, na dakika 19 zilizobaki ni za isimu jamii.

Sasa nenda darasani uone. Mwanafunzi anachukua dakika 50 kwenye ufahamu, anatafuta alama ya 14 na ya 15, huku alama 40 zinamsubiri kurasa za mbele. Huyo ni kama mtu aliyetoka Homa Bay kwenda Migori, nauli yote akaimaliza kwa soda pale Rongo.

Na jambo hili si dogo. Tangu matokeo ya mwaka 2023, gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Lugha hiyo inaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kuwa ndicho kinachokubeba. Na wote mnajua C+ ndiyo mlango wa kuingilia digrii chuo kikuu. Kati ya C na C+ pengine ni hizo kurasa mbili ulizoziacha nyeupe.

Tatizo liko wapi? Wengi wetu tumefundishwa "soma taarifa mara tatu kabla ya kujibu". Darasani ni nasaha nzuri, mnajenga lugha. Katika chumba cha mtihani, mimi siikubali. Anayesoma mara tatu bila kujua anatafuta nini anaogelea tu. Anza na maswali. Dakika 2 zatosha, usijaribu kuyajibu, jua tu unaulizwa nini. Kisha soma taarifa mara moja, polepole, penseli mkononi, dakika 8 hivi. Ukikutana na jibu, piga mstari na uandike nambari ya swali pembeni. Kuandika majibu kuchukue dakika 15. Zile 3 zilizobaki ni za kupitia.

Nitoe mfano, nimeutunga mwenyewe. "Akina mama wa Mbita walizoea kuanika omena mchangani. Baadaye wakaanza kutandaza nyavu juu ya vichanja, na bei ikapanda kwa kuwa omena hawakuwa tena na mchanga." Swali: Kwa mujibu wa taarifa, ni nini kilichofanya bei ipande? Alama 1. Kijana wa Mbita akiona swali hili, kwishaa! Atakuandikia habari za boti, taa za usiku, madalali, mpaka bei ya mafuta. Yote ya kweli, na hayana alama, kwa sababu swali limesema "kwa mujibu wa taarifa". Jibu ni maneno matano: omena hawakuwa tena na mchanga. Swali la alama 1 lataka hoja moja, la alama 2 hoja mbili. Hapo ndipo dakika zinapopatikana.

Swali la pili: eleza maana ya "vichanja" jinsi lilivyotumika. Hulijui? Usikae ukitazama dari. Tazama majirani wa neno: nyavu zimetandazwa "juu ya", na omena wameepuka mchanga. Basi ni kitu kilichoinuliwa cha kuanikia. Andika hivyo uendelee. Ukikosa kabisa baada ya dakika 2, acha nafasi, weka alama ya penseli, utarudi. Na neno "ikapanda" usilitafsiri kwa mbegu. Umeulizwa jinsi lilivyotumika.

Zile dakika 3 za kupitia sisi wa huku tunazihitaji kuliko wengine. Sisi tuliolelewa kwa Dholuo, "sh" inatuponyoka tunaandika "samba" na "sida". Ndugu zetu Wakuria wana vita vyao vya "l" na "r". Msahihishaji anatoza makosa ya tahajia. Neno ukiwa unalitoa kwenye taarifa, linakili kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Kwenye ufupisho neno moja tu: fanya matayarisho kwa vidokezo, usiandike insha mara mbili.

Kaka na dada zenu waliofanya mtihani mwaka 2003 na 2004 waliingia chumbani wakiwa wamefunga, maana Ramadhani iliangukia Oktoba na Novemba. Nyinyi imewaangukia muhula wa kwanza, mtihani bado mbali. Itumieni. Baada ya Alfajiri, kabla ya kwenda shule, taarifa moja ya karatasi za nyuma kwa dakika 28. Funga 29 au 30, taarifa 29 au 30. Siku za kwanza hutamaliza, usijali, andika ulipofika.

Wazazi, msiseme hamkusoma sana hivyo hamna msaada. Kazi yenu ni kushika simu, kuweka saa, na zikitimu dakika 28 mchukue karatasi hata kama mtoto analia. Wadogo wa Gredi ya 6 na Gredi ya 9 nao wana mitihani yao na taarifa zao za kusoma; wakae meza hiyo hiyo.

Walimu wawili wamekubali kusahihisha baada ya Asri siku za Jumamosi. Leteni karatasi zenu, na juu ya kila moja muandike dakika mlizotumia, za kweli.