Safari ya Kuwinda Huanza Kwenye Karatasi

(Maneno ya mzee mmoja, mwindaji wa zamani, aliyoyasema mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kimbiji.)



Nimeombwa niseme jinsi ya kupanga safari ya kuwinda pori la mbali. Naona vijana wanangoja nianze na bunduki. Hapana. Bunduki nitaifikia mwisho, kama muda utabaki.

Mwaka 1982 tulitoka hapa Kimbiji watu watano, kwenda kuwinda kusini ya mto Rufiji, kwenye milima ya Matumbi. Mkubwa wetu alikuwa mjomba wangu. Ndiye mwenye gobori, ndiye mwenye leseni. Leseni aliikunja, akaifunga kwenye nailoni, akaitia ndani ya mfuko wa unga isilowe. Kati yetu hakuna aliyejua kusoma, hata mmoja. Karani alimwambia kwa mdomo tu: kuro mmoja, siku 21. Basi.

Miaka ile petroli ilikuwa adimu. Pale Mbagala tulilala siku nane tukingoja lori. Hatukujali. Mjomba alizihesabu zile siku 21 tangu siku tuliyopanda lori. Kumbe karatasi ilihesabu tangu siku ilipogongwa muhuri!

Maji nayo tulikosea. Tulibeba vibuyu vinne, tukisema mto tutaukuta mbele. Mto tuliukuta kweli, lakini mchanga mtupu. Tukafukua kwa mikono, tukanywa maji ya tope tuliyoyachuja kwa kitambaa. Mwenzetu mmoja akaharisha siku tatu, na wa pili ikabidi abaki kumtunza. Wawindaji wakabaki watatu. Tena usiku kule juu ni baridi, na sisi watu wa pwani tulikuwa na shuka moja moja.

Kuro tulimpata siku ya kumi na tano. Mjomba alipiga, mimi nikakimbia na kisu nikawahi kumchinja angali hai. Jamani, tulifurahi! Nyama tukaichana, tukaitia chumvi, tukaibanika juu ya uchaga.

Kesho yake asubuhi bwana nyama akafika. Ameuona moshi. Alikuwa kijana mpole. Akasema, "Shikamooni wazee." Akaomba karatasi. Akaisoma, akanyamaza, akaisoma tena. Kisha akasema, "Mzee, hii imekwisha siku tatu sasa."

Nyama ilichukuliwa. Gobori lilichukuliwa, na mjomba aliachiwa na baba yake. Alilala rumande, akatozwa faini, tukauza mbuzi ili kuilipa. Mwaka uliofuata nikajiandikisha kisomo, nami nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Siku hizi mambo ni mazito zaidi. Sheria ile ya wanyamapori ya mwaka 1974 iliondoka, ikaja nyingine ya mwaka 2009. Mtu akikutwa na nyama ya porini bila kibali, haishii kwenye faini ya mbuzi. Wapo watu waliohukumiwa miaka 20 jela kwa nyama ya kitoweo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, leseni isomeni wenyewe, palepale ofisini, kabla hamjaondoka. Jina la mnyama ni lipi? Wangapi? Kama imeandikwa kuro, mbawala akipita mbele yako mwache apite. Inaanza lini, inakwisha lini? Msipoelewa neno, mwulizeni Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Yeye hulipwa kwa kazi hiyo, msimwonee haya.

Halafu someni eneo. Hapa wazee wenzangu ndipo tunapoponzwa, maana tunasema, "Babu aliwinda pale." Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna kuwinda, awe tajiri awe maskini. Hata milima mirefu ni hivyo hivyo. Kilimanjaro ni Hifadhi ya Taifa tangu 1973, na Udzungwa tangu 1992. Kule yuko minde, paa mkubwa asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Utamwona kwa macho tu.

Mitego, sumu, moto na kuwinda usiku, vyote hivyo sheria imekataza. Sitavirudia.

Sasa maji. Mimi huhesabu lita tano kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika. Watu watano, siku mbili, ni lita 50. Hayo ni madumu mawili na nusu ya lita ishirini. Nani atayabeba? Kama hakuna wa kuyabeba, pigeni kambi karibu na kijiji chenye kisima, muwe mnatoka asubuhi na kurudi.

Nyumbani acheni karatasi yenye majina yenu wote, mnakokwenda, na siku ya kurudi. Mkifika, ripotini kwa mwenyekiti wa kijiji kile. Sisi mwaka ule hatukumwambia mtu. Yule mgonjwa wetu angekufa, mkewe asingejua hata aanze kututafuta wapi.

Bunduki je? Nayo ina leseni yake, mbali na ile ya mnyama. Isomeni vilevile.

Nimemaliza. Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono. Karibu, mama, uliza.