Pakiti ya mbegu haijui masika



Juma hili naomba tuweke kando siasa na bei ya sukari, tuzungumze juu ya maua. Najua wapo watakaosema kwamba maua ni mambo ya watu wenye nafasi. Sikubaliani nao. Mbegu za zinia za kutosha uwanja mdogo zinaenea ndani ya kiberiti kimoja, na kopo la kuzioteshea huenda liko jikoni kwako tayari. Kinachotushinda wengi wetu siyo fedha. Kinachotushinda ni kupanda kwa kalenda isiyo yetu.

Natoa ushahidi wa kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ndugu yangu mmoja alirudi kutoka Uingereza, akaniletea pakiti mbili za mbegu za zinia zenye picha za kupendeza. Nyuma ya pakiti kulikuwa na maelezo: otesha ndani ya nyumba kuanzia Machi, hamishia nje mwishoni mwa Mei. Mimi ni mtu wa kufuata maandishi. Machi ilipofika nikasia mbegu zangu barazani, hapa Tabata. Siku ya tano zikaota, nami nikajiona fundi.

Kisha masika yakafika, na masika ya mwaka ule sina haja ya kumsimulia mkazi wa Dar es Salaam. Miche ikaanza kulegea pale shina linapogusana na udongo, ikalala chini mmoja baada ya mwingine. Mabwana shamba huuita ugonjwa huo kinyausi. Michache iliyosalimika nikaihamishia uwanjani, nayo ikashikwa na ubwiri unga, majani yakawa meupe kama yamemwagiwa sembe. Sikupata hata ua moja.

Jirani yangu wakati ule alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye uwanja wake ulijaa zinia nyekundu na za rangi ya machungwa kila mwaka. Nikamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona unavyohangaika. Nani alikwambia upande maua masika?"

Nikamwonyesha pakiti. Akavaa miwani, akaisoma yote polepole, akanirudishia.

"Haya yaliyoandikwa ni kweli," akasema, "ila ni kweli ya huko kwao. Wao Machi wanatoka kwenye baridi. Sisi Machi tunaingia kwenye maji."

Wasikilizaji, somo lenyewe ni hilo. Huko Uingereza mkulima wa maua anaogopa jalidi, ambayo inaweza kuua miche hata mwezi wa Mei. Ndiyo maana anaotesha ndani ya nyumba na kusubiri. Sisi wa pwani hatuna jalidi. Adui yetu ni maji mengi, na hewa nzito yenye unyevu. Tena zinia asili yake ni Mexico, ni ua la jua kali na majani makavu. Kwa hiyo kwa Dar es Salaam wakati wake mzuri ni mwishoni mwa Mei, masika yanapoishia. Ukisia wakati huo, maua yanaanza kufunguka kati ya mwezi wa Julai na Agosti, jua likiwepo na joto likiwa limepungua. Anayetaka kupanda kwa ajili ya vuli asie mwanzoni mwa Septemba, ili mvua zikianza miche iwe imekwisha kukomaa. Nanyi wa Arusha au Mbeya msifuate tarehe zangu. Fuateni mvua zenu, na sikilizeni utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Bibi alinipa mbegu zake, zimefungwa katika kipande cha gazeti, na akanifundisha kusia upya. Chukua kopo au chupa ya maji iliyokatwa, litoboe matundu chini. Changanya mchanga, udongo na samadi iliyooza sawasawa, upepete. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, uache upoe. Hiyo hupunguza vimelea vya kinyausi. Fukia mbegu kwa kina cha nusu sentimita tu. Nyunyiza maji asubuhi kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, wala usimwage kwa kopo. Zungushia majivu kuzuia sisimizi. Kuku utajua mwenyewe la kuwafanya.

Mbegu zikishaota, ipe miche jua kidogo kidogo mpaka izoee. Ikifikisha majani manne ya kweli, ihamishe jioni, jua likiwa limepoa, na uache sentimita 30 kati ya mche na mche. Baadaye kata ncha ya juu ili mmea utoe matawi. Moyo utauma kukata, lakini tawi moja litageuka manne.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Zinia ni ua la msimu mmoja. Likishachanua na kukauka, mmea wote unakufa, na uhai wake wote unabaki kwenye mbegu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya mbegu huoza ikiwekwa mbichi. Chagua ua bora kuliko yote, usilichume, liache likauke juu ya shina lake mpaka liwe la kahawia. Lianike kivulini siku kadhaa, pukuchua mbegu, ziweke ndani ya bahasha ya karatasi, andika tarehe, kisha zihifadhi mahali pakavu. Zitakaa miaka kadhaa. Tahadhari ni moja: pakiti iliyoandikwa F1 ni mbegu ya chotara, na watoto wake hawatafanana na mama yao.

Mwaka 2025 bibi aliuza nyumba, akahamia Morogoro kwa wanawe. Mwenye nyumba mpya aliufunika uwanja wote kwa matofali ya saruji. Kazi ilichukua siku mbili. Sina ugomvi naye, mali ni yake. Lakini nilisimama pale ukutani nikafikiri: kama mbegu za bibi zingekuwa katika uwanja ule tu, maua yale yangekwisha siku hiyo, na hakuna duka ambalo lingetuuzia yale yale.

Hayakwisha. Yako kwangu, na yako katika nyumba nyingine nne za mtaa wetu, kwa sababu bibi hakuwa mchoyo wa vipande vya gazeti. Watoto wa mtaani wanayaita maua ya bibi, hata wale wadogo ambao hawakumwona.

Basi msimu huu, ndugu msikilizaji, ukivuna mbegu gawa mafungu mawili. Moja weka, na moja mpe jirani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.