Somo la Leo: Gari la Dizeli na Gari Mseto

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo tutajifunza habari za magari mawili, na baadaye tutafanya hesabu.

Tuseme ninyi ni wakulima wa alizeti wilayani Iramba. Mmechanga fedha, sasa mnataka kununua gari. Mmoja anasema, "Tununue la dizeli, lina nguvu." Mwingine anasema, "Tununue la haibridi, halili mafuta." Nani anasema kweli? Kabla fedha haijatoka, na tutazame kila gari linavyofanya kazi.

Kwanza dizeli. Injini hii imepewa jina la Mjerumani, Rudolf Diesel, aliyefaulu kuitengeneza mwaka 1897. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza hewa kwa nguvu sana. Umepata kujaza baiskeli upepo? Ukishika pampu utaona imepata moto. Ndivyo ilivyo hewa ya injini hii: hupata moto mwingi hata dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe, pasipo cheche ya plagi. Kwa mgandamizo huo, injini ya dizeli hufanya kazi kubwa kwa mafuta machache kuliko injini ya petroli, tena huvuta mzigo mzito. Ndiyo maana malori yanayopanda mlima Sekenke ni ya dizeli.

Lakini ina ubaya wake. Mafuta yasiyoungua vizuri hutoka kama masizi. Tena joto kali la injini huunganisha naitrojeni na oksijeni, zikawa hewa chafu inayoumiza kifua. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Na anayeuvuta sana si dereva peke yake. Ni mama auzaye vitunguu stendi, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Sasa tuje kwenye haibridi, yaani gari mseto. Ninyi mnajua mseto wa mchele na choroko: vitu viwili, chungu kimoja. Gari hili nalo lina injini, mara nyingi ya petroli, na mota ya umeme yenye betri kubwa. Toyota Prius, gari mseto la kwanza kuuzwa kwa wingi, lilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, miaka 100 kamili baada ya injini ya Diesel.

Betri hupata umeme wapi? Fikiri unateremka Sekenke kwenda Shelui. Gari la kawaida likipigwa breki, nguvu ya mwendo hugeuka joto, ikapotea. Katika gari mseto, mota hugeuka kuwa jenereta: hupunguza mwendo na kujaza betri. Nguvu hiyo husaidia kuondoa gari tena. Likisimama, injini huzimika, moshi hakuna. Kwa hiyo gari mseto hufaa sana mjini, penye kusimama na kuondoka. Katika barabara ndefu iliyonyoka, ambapo breki haiguswi, faida yake hupungua.

Haya, shikeni kalamu. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni, ile inayoongeza joto la dunia. Lita 1 ya petroli hutoa karibu kilo 2.3. Utauliza, "Lita ya dizeli haifiki kilo moja, kilo hizo zimetoka wapi?" Kaboni ya mafuta huchukua oksijeni hewani, na uzito ukaongezeka.

Tuseme gari dogo la dizeli latumia lita 7 kwa kilometa 100, na gari mseto la petroli latumia lita 5.

Dizeli: 7 × 2.7 = kilo 18.9
Mseto: 5 × 2.3 = kilo 11.5

Mseto limeshinda kwa kilo 7.4. Lakini je, gari hilo dogo litabeba magunia 60 ya alizeti? Halitabeba. Basi wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja kwa kazi yake. Kwa magunia, nunueni lori la dizeli. Kwa safari za mjini na watu wachache, mseto litawafaa, mradi kwanza mpime betri yake, maana mpya ni ghali. Tena waya zake za rangi ya machungwa zina umeme unaoweza kuua. Aziguse fundi aliyejifunza tu.

Mwenye lori la dizeli asikate tamaa. Safisha chujio la hewa, peleka nozeli kwa fundi, usizidishe mzigo. Chujio la masizi katika bomba la moshi usiling'oe. Ukisimama sokoni, zima injini. Moshi mweusi ni mafuta uliyoyanunua yakapaa bure, yakaingia kifuani mwa jirani.

Maswali ya kujibu:
1. Kwa nini injini ya dizeli haihitaji cheche ya plagi?
2. Gari mseto hujaza betri wakati gani?
3. Gari la dizeli likitumia lita 10, litatoa kilo ngapi za hewa ya kaboni?
4. Chama chenu kina kazi gani hasa, na gari gani litaifaa?

Swali la nne lizungumzeni pamoja kabla hamjaandika. Kwaherini.