Kiti cha Elfu Arobaini Kilivyofika kwa Elfu Tisini: Tuujue Ushuru wa Forodha Tunapoagiza Vitu Nje kwa Intaneti

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya Kamati za Fedha na Mipango za sharika. Tunaichapisha kwa maombi ya wajumbe waliohudhuria, na kwa faida ya marafiki zetu wanaotuchangia.)



Tulipopanga ratiba ya semina hii, mjumbe mmoja aliuliza kwa nini ofisi ya miradi itumie saa nzima kuzungumzia mambo ya forodha, ambayo ni kazi ya wafanyabiashara. Tunamjibu kwa kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe. Hatutautaja usharika, kwa sababu kosa lilikuwa letu sote, na sisi wa ofisini ndio tuliopaswa kulijua.

Usharika huo ulikuwa na ahadi ya shilingi milioni nne na nusu kutoka kwa sharika rafiki ya Ulaya, kwa ajili ya viti vya ukumbi. Vijana wetu, ambao kwa simu wanaona dunia nzima, walipata viti vizuri vya chuma na kitambaa kutoka China, kimoja shilingi 40,000. Viti 100 vikawa milioni nne. Kamati ikafurahi kwamba hata chenji itabaki. Ofisi yetu ikapitisha, fedha zikatumwa, na picha ya kiti ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Meli ikafika Dar es Salaam. Wakala wa forodha akatupigia simu kutuuliza kama fedha za kugomboa mzigo ziko tayari. Kugomboa nini, wakati tumeshalipa?

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipoanza darasa. Tuwaeleze hesabu yenyewe, nanyi mfuatane nasi kwa kalamu.

Forodha haianzi kuhesabu kwenye bei ya kiti mliyoiona kwenye simu. Kwa mzigo wa meli inaanza na bei ya bidhaa, ikajumlisha nauli ya kuileta hadi bandarini na bima. Mawakala huiita thamani hiyo CIF. Viti vyetu vilikuwa milioni 4, nauli ya meli milioni 1.5, bima laki moja. Jumla shilingi 5,600,000. Hii ndiyo namba inayotozwa ushuru, na nauli imo ndani yake. Mtu akipunguziwa bei na muuzaji halafu akapandishiwa nauli, hajaokoa kitu.

Kinachofuata ni kiwango cha ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina jedwali moja la ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Tangu 2005 lilikuwa na ngazi tatu: asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, kwa bidhaa ambazo Jumuiya inaona zinaweza kutengenezwa hapa hapa. Samani zimo, na nguo, na vyombo vya kauri, na rangi za nyumba. Kila bidhaa ina namba yake ya uainishaji, namba ya HS, na namba hiyo ndiyo inayoamua bidhaa iko ngazi gani. Kompyuta, kwa mfano, iko kwenye ngazi ya asilimia 0. Viti vyetu vilikuwa kwenye 35.

Asilimia 35 ya 5,600,000 ni 1,960,000. Jumlisheni: 7,560,000. Sasa juu ya jumla hiyo, siyo juu ya bei ya kiti, inawekwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Hiyo ni 1,360,800. Hapa wengi hukosea. Wanadhani VAT na ushuru vinakaa bega kwa bega, kumbe VAT inapanda mgongoni mwa ushuru. Tumefika 8,920,800, na bado hatujaweka tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza 2015, wala ada ya forodha ya kushughulikia nyaraka, wala gharama za bandari, wala ujira wa wakala, wala lori la kutoka Dar es Salaam hadi usharikani.

Kiti cha elfu arobaini kikawa kimepita elfu tisini kabla hakijaondoka bandarini.

Usharika haukuwa na fedha hizo. Wakati kamati inahangaika, siku za ghala zinahesabiwa, na ghala nalo linatoza. Muda wa sheria ukipita, mzigo huhamishiwa ghala la forodha na unaweza kupigwa mnada. Mtunza hazina, mama mtu mzima anayeaminika, alituambia kwamba halali usingizi. Hatimaye Baraza la Wazee likaamua kutumia sadaka ya mavuno iliyokuwa imetengwa kwa paa la nyumba ya mwinjilisti. Viti vimekuja, ni vizuri, mnavikalia leo. Mwinjilisti alikaa chini ya lile paa msimu mzima wa mvua.

Lipo jingine lililotuuma zaidi. Chuo chetu cha ufundi kinafundisha uchomeleaji na useremala. Baada ya yote tukawauliza walimu wangetengeneza kiti cha namna ile kwa kiasi gani. Walitupa bei iliyo chini ya ile tuliyolipa. Ile asilimia 35 iliwekwa kuwalinda mafundi kama hao tunaowafundisha kwa sadaka zenu. Tuliilipa kwa kuwakwepa.

Baadhi ya wajumbe watauliza: lakini sisi ni Kanisa, si tuna msamaha? Tuseme wazi. Jina la usharika kwenye boksi si msamaha wa kodi. Msamaha unategemea aina ya bidhaa na matumizi yake kama sheria inavyotaja, na huombwa kwa maandishi na kukubaliwa kabla mzigo haujafika. Ukianza kuomba meli ikiwa imetia nanga, ghala linakula fedha zako wakati barua inazunguka. Wala neno "zawadi" halifuti thamani ya kitu. Forodha itauliza zawadi hiyo ina thamani gani, basi.

Na hapa tuna neno kwa upendo. Muuzaji yule wa viti alikuwa ametuandikia mapema kwamba, tukipenda, ataandika kwenye ankara nusu ya bei. Mjumbe mmoja aliona ni busara. Tulikataa, na kama tungekubali tungekuwa tumesaini uongo kwa jina la Kanisa. Forodha wana kumbukumbu za bei za bidhaa zinazofanana na hizo. Wakitilia shaka, wanapandisha thamani wao wenyewe, na nyaraka za uongo ni kosa la jinai katika Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Anayeshtakiwa ni aliyeagiza, siyo muuzaji aliyeko Guangzhou.

Tuangalie pia herufi kwenye mkataba. Muuzaji akiandika DAP, maana yake atafikisha mzigo mahali mlipopatana lakini ushuru ni wenu. Akiandika DDP, ushuru na kodi ni juu yake na vimo kwenye bei. Ule wetu haukuwa na DDP, tulisoma "hadi Dar es Salaam" tukaridhika. Aidha, kwa bidhaa nyingi Shirika la Viwango, TBS, tangu 2012 linataka ukaguzi wa ubora ufanyike huko zinakotoka. Muuzaji aulizwe habari za cheti hicho kabla ya kulipwa, kwa maana akishapokea fedha huwa mzito wa kujibu.

Kwa marafiki zetu wa nje wanaosoma jarida hili: mambo haya yanawafika nanyi. Vikundi vyetu vya akina mama hutuma vikapu na batiki. Jumuiya ya Ulaya ilifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tangu Julai 1, 2021. Marekani, iliyokuwa ikiruhusu vifurushi vya hadi dola 800 kuingia bila ushuru, iliusitisha msamaha huo kwa nchi zote Agosti 29, 2025. Mkidaiwa fedha mlangoni kwa ajili ya kikapu, msidhani akina mama wamewapunja. Tumewaagiza waandike thamani halisi na kuwatahadharisha wanunuzi mapema.

Wapo pia wafadhili ambao masharti yao hayaruhusu fedha zao kulipa kodi. Hatulalamiki, lakini tunaomba tuambiwe mwanzoni, ili usharika ujue sehemu hiyo itatoka wapi.

Kuanzia robo hii, ofisi ya miradi haitapitisha ombi lolote la kuagiza kitu nje bila karatasi tatu: makisio ya wakala wa forodha mwenye leseni yenye namba ya HS ya bidhaa, maelezo ya nani analipa ushuru, na bei ya kitu hicho hicho kwa fundi au duka la hapa nchini. Fomu ziko kwa Wakuu wa Majimbo. Yule mama mtunza hazina amekubali kuwasaidia wenzake kuzijaza, na anapatikana ofisini kwetu kila Jumanne.