Nani Hayupo Sebuleni?

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya Mahakama ya Rufaa iliyoruhusu dada zetu kuvaa hijabu shuleni. Kuna wazazi wanaosomesha nyumbani kwa sababu ya machungu kama hayo. Sawa. Lakini mkikusanya watoto sebuleni kwa mtu, hebu angalieni nani hayupo. Mama aliyesilimu juzi, mbona mnamuuliza ukoo? Mtoto asiyesikia je, kuna aliyejifunza ishara zake? Baba wa bodaboda hana mchango wa vitabu. Basi afundishe hesabu za mafuta na nauli, si ni elimu hiyo? Nyinyi mliomaliza fomu foo, shikeni zamu. Jumamosi kila mmoja aje na familia ambayo haijawahi kualikwa.