Tuwaonyeshe Nini Wageni Wetu?



Kijana mgeni aishiye nasi hapa Ruaruke anapotembelewa na wazazi wake kutoka ng'ambo, tuwaonyeshe nini? Umaskini si maonyesho. Wakae mkekani pamoja na wazee. Waone kina mama wakisuka ukili. Wasikie vinywani mwa wakulima wenyewe habari za mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Picha ipigwe kwa ridhaa. Pesa zisigawiwe watoto njiani; msaada wowote utangazwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Nasi tuwaulize: kwenu mzee hutunzwa na nani?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tukiwapa jembe, tumewahesabu kuwa watu wa nyumbani.